Mpira kama dawa ya roho: mashirika yatoe hesabu yote

MUSHAKI, Masisi – Tangu vita vilipofika Mushaki mwaka 2023, vijana wengi wa hapa wamepitia kambi za wakimbizi wa ndani huko Sake na Goma, wakibeba vidonda visivyoonekana. Mashirika ya kiutu huwaletea jibu lilelile: mipira, jezi, kocha na mpiga picha. Kisha ripoti husema mchezo umewaponya. Nani alipima?

Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, mji mwingine uliotoka vitani, watafiti walipima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wavulana waliojiandikisha waligawanywa kwa kura: wengine wakacheza ligi ya kandanda ya majuma 11, wengine wakangojea zamu. Kwa upande wa huzuni na wasiwasi, waliocheza walionekana katika hali mbaya kuliko waliongojea.

Hiyo si sababu ya kuchoma mipira. Utafiti mmoja hautoshi kulaani, kama vile picha moja ya kijana anayecheka haitoshi kusifu. Ndiyo maana kuna uhakiki wa kimfumo. Swali huandikwa kabla ya kutafuta majibu. Tafiti zote husakwa, hata zile zilizofeli na kufungiwa kabatini. Watu wawili huzichuja, kila mmoja peke yake, kisha uimara wa kila moja hupimwa. Uhakiki wa aina hiyo uliochapishwa 2019, kuhusu miradi ya michezo kwa vijana katika miji sita, Nairobi ikiwemo, ulikuta ushahidi kwa jumla ni dhaifu.

Wapo wanaosema watoto wanateseka, hakuna muda wa hesabu. Mfugaji wa Masisi hakubali maneno hayo. Muuza dawa akimwonyesha ng'ombe watano waliopona, atamuuliza: uliwapa wangapi, na waliokufa wako wapi? Je, mtoto wa Mushaki anastahili uangalifu mdogo kuliko ng'ombe?

Basi kila shirika linaloleta mpira kwa jina la kuponya roho liandike mapema litapima nini. Anayepima asiwe kocha. Walioacha mazoezi wahesabiwe pamoja na waliobaki. Matokeo yatolewe hadharani, hata yakiwa mabaya, kwa sababu hakuna anayeweza kuhakiki karatasi zilizofichwa.

Mpira uchezwe, watoto wafurahi. Lakini asiyepima asiuite dawa.