MCHUNGA NI MBOGA, TUSIUFANYE DAKTARI



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi na wazazi wapendwa, mwaka huu tumeona tuzungumzie mmea ambao kila mtu wa Soga anaujua, lakini ni wachache wanaoupa haki yake. Nao ni mchunga. Ni ule wenye majani marefu membamba, ukiukata unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na maua yake ni ya manjano. Asubuhi tunaung'oa shambani na kuutupa pamoja na magugu. Jioni tunampa mtoto pesa akanunue mboga! Wazee wetu wa Kizaramo, kuanzia Kisarawe hadi huku Kibaha, hawakufanya hivyo. Waliuchuma, wakauunga kwa tui la nazi, na watu wakala ugali wakashiba.

Rai yetu ya kwanza ni kwamba kila nyumba iwe na tuta la mchunga. Kuuotesha hakuna gharama. Mvua za vuli au masika zikianza, chimba mizizi yake, ikate vipande vya urefu wa kidole, uifukie kwenye udongo uliolainishwa. Lakini tahadhari! Mizizi yake hutambaa chini kwa chini. Ukiuachia utaingia kwenye mahindi na utajuta. Uoteshe kwenye beseni bovu lililotobolewa au tuta la peke yake. Chuma majani machanga kabla haujatoa maua, kwani ukikomaa uchungu huzidi. Yaoshe, yachemshe, mwaga maji ya kwanza, kisha uunge kwa nazi. Watoto wasiozoea, uchanganye na matembele. Wala tusichume kandokando ya reli, barabara au shamba lililopigwa dawa.

Tena tazameni maji ya udhu pale madrasa. Kila siku yanamwagika bure, na huku tunafundishana kuwa israfu ni haramu. Yangepelekwa kwenye tuta, tungekula mboga hata kiangazi. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, basi huandikiwa sadaka.

Rai yetu ya pili ni nzito zaidi, na tunaisema kwa masikitiko kwa sababu kosa lilianzia kwetu walimu. Darasani tuliwahi kusema kwamba mchunga unafukuza homa. Tulisikia kwa wazee, tukasema bila kufafanua. Baadaye mwanafunzi wetu mmoja wa Juzuu Amma akashikwa na homa. Nyumbani kwao wakasema, "Ustadhi amesema mchunga." Siku tatu mtoto akanyweshwa maji ya mizizi yaliyochemshwa. Siku ya nne akapata degedege. Alikimbizwa zahanati kwa bodaboda, akapimwa, akakutwa na malaria kali, akapewa rufaa usiku ule ule. Alhamdulillah, alipona na leo anasoma. Lakini sisi tulikaa na mama yake nje ya wodi, na hatukuwa na neno la kumwambia.

Kwa nini watu wanaamini hivyo? Tunadhani ni kwa ajili ya uchungu. Kwinini ilikuwa chungu. Klorokwini, ambayo nchi yetu iliacha kuitumia kama dawa kuu ya malaria mwaka 2001, nayo ilikuwa chungu. Mwarobaini ni mchungu. Basi kila kilicho kichungu tukakiita dawa ya malaria. Lakini uchungu ni ladha tu, si kipimo cha dawa.

Hatusemi kwamba majani hayana dawa. Kule China, mwanasayansi Bibi Tu Youyou na wenzake walichunguza mmea wa artemisia uliotajwa katika vitabu vya tiba vya kale. Walijaribu, wakakosea, wakarudia, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakapata kiini chake. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto, ambayo Tanzania iliifanya dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006, imo dawa iliyotokana na kiini hicho. Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani halipendekezi watu wajitibu malaria kwa kunywa chai ya majani ya artemisia, kwa sababu kiasi cha dawa ndani yake hakina uhakika. Ikiwa mmea uliochunguzwa hivyo una tahadhari, itakuwaje mchunga wetu wa uani?

Wako watakaosema, "Sisi tunamtegemea Allah." Ni kweli, na shifaa inatoka Kwake peke Yake. Lakini Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, na alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo ategemee. Kumpeleka mtoto kupimwa ndiko kufunga ngamia.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, nendeni mkaoteshe mchunga na muule kwa afya. Mtoto akichemka mwili, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, akapimwe. Akipona na hamu ya chakula ikarudi, mpikieni mchunga wa nazi. Na atakayewaambia kwamba ustadhi amesema mchunga unatosha, mwambieni ustadhi amerudi katika kauli yake.

Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe tulipokosea, awape afya watoto wetu na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.