Jo hakuwekwa jukwaani awe fundisho

Na Zuhura Makame

Shelagh Delaney alikuwa na miaka 19 tamthilia yake, A Taste of Honey, ilipopandishwa jukwaani London, Mei 1958. Baba yake alikuwa mkaguzi wa mabasi huko Salford, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Yeye mwenyewe alishauza dukani na kuwaonyesha watazamaji viti ukumbini. Alikwenda kutazama tamthilia ya Terence Rattigan, mwandishi mkubwa wa zama zile, akaona ataweza kuandika iliyo bora zaidi. Akaandika, akampelekea mwongozaji Joan Littlewood wa Theatre Royal, Stratford East. Littlewood hakumjua, lakini aliusoma mswada.

Katika tamthilia hiyo, Jo, binti wa shule, anahamia na mama yake katika chumba kibovu karibu na kiwanda cha gesi. Mama anapenda pombe na wanaume, na akipata mwenye fedha anamwacha mwanawe. Jo anapata mimba ya baharia mweusi ambaye ameshaondoka na meli yake. Anayebaki kumpikia na kumfagilia ni Geof, kijana anayependa wanaume wenzake, katika nchi ambayo wakati ule sheria ilimhesabu mhalifu.

Geof anamletea mwanasesere ajizoeze kubeba mtoto. Jo anaona rangi ya mwanasesere siyo. Anawaka, anamtupa, anafoka kwamba hataki kuwa mama, hataki hata kuwa mwanamke. Mwandishi mwingine angemwingiza hapo shangazi au mchungaji amhubirie. Delaney haingizi mtu. Anamwacha Jo na hasira yake na woga wake, na baada ya muda mfupi Jo huyohuyo anatania na kucheka, maana wasichana wa umri ule ndivyo walivyo.

Sisi Watanzania suala hili la mimba za mabinti hatukulikimbia. Mwandishi wetu Penina Muhando aliandika tamthilia ya Hatia, kuhusu mimba ya binti, mwaka 1972, naye alikuwa bado kijana. Lakini tazama michezo yetu mingi ya redioni na filamu za mtaani: binti wa uswahilini akishika mimba tu, ameshageuka onyo. Atafukuzwa nyumbani, atatangatanga, pengine atakufa, ili wengine wajifunze. Hatumsikii akitania, wala hatujui anapenda wimbo gani. Hilo linaniuma, kwa sababu mabinti hao tunaishi nao: ndio wanaotusuka saluni na kutupakulia wali kwa mama ntilie, na maneno wanayo tele.

Wapo wanaoandika michezo kwenye madaftari ya shule. Ninyi wenye kumbi, waongozaji na walimu wa sanaa, pokeeni miswada yao muisome mpaka mwisho. Na msianze kwa kuwauliza fundisho la mchezo ni nini.