Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Michezo ya Kimataifa na Haki za Wakazi wa Mombasa

Waswahili wana methali mbili zinazohusu mtu wa nje, na ni nadra kutajwa pamoja. Ya kwanza ni ‘mgeni njoo, mwenyeji apone’. Ya pili ni ‘funika kombe mwanaharamu apite’. Ya kwanza humwona mgeni kuwa tiba, kwamba ujio wake huleta nafuu nyumbani. Ya pili humwona mpita njia kuwa jicho la kuepukwa, kwamba aibu ya nyumba na isitirike mpaka apite. Kila mji unaoandaa michezo ya kimataifa hulazimika kuchagua mojawapo. Makala haya yanashikilia kwamba wakazi wa Mombasa wamezoezwa kuifuata methali ya pili, ilhali haki zao zinadai ya kwanza.

Mfano ulio wazi ni Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika yaliyofanyika tarehe 24 Machi 2007 katika uwanja wa gofu wa Mombasa. Uwanja huo uko kisiwani, lakini mashindano hayo yalikuwa pia ya watu wa ng’ambo. Mgeni aliyekuja kwa ndege alitua Port Reitz, katika eneo la Changamwe. Aliyelala katika hoteli za kaskazini alivuka daraja la Nyali na kuipita njia ya watu wa Kisauni. Na aliyesimama uwanjani akaitazama bahari upande wa kusini, aliiona Likoni ng’ambo ya mlango wa Kilindini. Pande zote tatu za bara zilimpokea mgeni. Je, zilipona?

Hapana budi kukumbuka yaliyotokea majuma machache kabla ya mbio hizo. Mapema mwaka 2007, watu waliokuwa wakikimbia vita nchini Somalia walikamatwa walipoingia Kenya. Tarehe 20 na 27 Januari na tarehe 10 Februari, makumi yao, wakiwemo wanawake na watoto, walipakiwa ndegeni wakapelekwa Somalia. Wengi wao waliishia katika magereza ya Ethiopia. Hawakufikishwa mbele ya hakimu ili uhamisho huo uamuliwe kisheria. Serikali ya Kenya ilikana kwamba miongoni mwao walikuwamo raia wake. Hata hivyo, mnamo Oktoba 2008, Wakenya wanane walirejeshwa nyumbani kutoka Ethiopia. Kukana huko kulikuwa ndilo kombe lililofunikwa.

Mombasa yenyewe haikusalimika. Mnamo Februari 2007, Mkenya Mohammed Abdul Malik Bajabu alikamatwa mjini humo. Tarehe 26 Machi, siku mbili tu baada ya mbio za nyika, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitangaza kwamba alikuwa amehamishiwa Guantánamo. Alikaa huko zaidi ya miaka 17 bila kufunguliwa mashtaka, hadi aliporudishwa Kenya mnamo Desemba 2024. Wakati dunia ilipokuwa ikihesabu dakika na sekunde za wakimbiaji, hesabu nyingine, ya miaka ya mtu mmoja, ilikuwa imekwisha kuanza.

Katika hali kama hiyo, swali la maandamano haliepukiki. Je, ni haki kwa aliyeibiwa ndugu yake kusimama na bango mbele ya wageni waliokuja kutazama mbio? Wapo wanaojibu kwamba ni utovu wa adabu, kwamba mgeni hupewa maji ya kunawa wala hapewi kesi za nyumbani. Hoja hii ina uzito kwa jamii inayothamini ukarimu. Aidha, ajira za Wapwani wengi zinategemea hoteli, na hoteli zinategemea sifa njema. Lakini adabu inayomtaka mwenye kidonda atabasamu huku kidonda kikioza si adabu tena, ni mzigo. Wahenga hao hao walionya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Wapo pia wanaotaja usalama. Hofu yao si ya kubuni. Mwaka 2007, ubalozi wa Marekani mjini Nairobi ulitahadharisha kwamba mashindano ya Mombasa yangeweza kushambuliwa. Hayakushambuliwa, lakini tarehe 11 Julai 2010, watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia mjini Kampala waliuawa kwa mabomu, zaidi ya 70 kwa idadi. Hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuyapuuza maafa hayo. Hata hivyo, yaliyofuata yana funzo. Mtetezi wa haki za binadamu Al-Amin Kimathi, aliyekuwa mstari wa mbele kulalamikia uhamisho wa mwaka 2007, alisafiri hadi Kampala mnamo Septemba 2010 kufuatilia kesi ya washukiwa. Alikamatwa yeye mwenyewe, akakaa gerezani takriban mwaka mmoja kabla ya mashtaka dhidi yake kuondolewa. Usalama unapomfunga anayeuliza maswali, huwa umebadilika na kuwa pazia.

Isitoshe, Kenya haiwezi kudai kwamba michezo haina uhusiano na haki. Mwaka 1976, zaidi ya nchi 20 za Afrika, Kenya ikiwemo, ziligomea Michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikiizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mike Boit wa Kenya na Filbert Bayi wa Tanzania, wanariadha waliokuwa katika kilele cha nguvu zao, hawakukimbia Montreal. Afrika inajivunia uamuzi huo hadi leo. Ikiwa dola lilikuwa na haki ya kuutumia uwanja wa michezo kupinga dhuluma ya mbali, kwa mantiki gani mama wa Likoni atanyimwa haki ya kupinga dhuluma ya mlangoni pake?

Mpaka mmoja lakini uchorwe: mwanariadha asigeuzwe kuwa shabaha. Mwaka 2007 Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa akitawala mbio za nyika kwa miaka mitano, alishindwa na joto la Mombasa akaacha mbio, na watazamaji wakashangilia. Wakati huo huo, Wakenya walikuwa wamefungwa nchini mwake. Bekele hakumfunga mtu. Kelele hizo zingefaa kuelekezwa kwa wenye mamlaka wa nchi zote mbili. Isitoshe, mwanariadha mwenyewe huweza kuwa mlalamikaji. Mwaka 2016 huko Rio, Feyisa Lilesa wa Ethiopia alimaliza marathoni akiwa wa pili huku amekutanisha mikono yake juu ya kichwa, ishara ya maandamano ya Waoromo.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoingia. Kombe hufunikwa kwanza kwa maneno. ‘Mshukiwa’ anapoitwa ‘gaidi’ kabla ya hukumu, lugha imekwisha kumhukumu. ‘Maandamano’ yanapoitwa ‘fujo’ kabla hata jiwe moja halijarushwa, rungu limekwisha kupata kibali. Mombasa ni mji wa Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi. Mji huo hauna upungufu wa watu wanaojua kuuliza.

Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Haikuongeza maneno ‘isipokuwa siku ya wageni’. Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa jukumu la kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Viwanja vitapakwa rangi na barabara zitafagiwa. Wageni na waje, wakaribishwe kwa tabasamu na kwa madafu. Lakini wapishwe njia pia watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe wenye majina ya kutaja na mabango ya kuinua, kwani mwenyeji hawezi kupona ikiwa hata kulia kwake kumepigwa marufuku mpaka mgeni aondoke.