Pampu Ikilia Kama Inasaga Kokoto, Usiongeze Resi

Vijana wangu wa Himo, Makuyuni na Kahe, kiangazi kimekaza. Mto unashuka, nyanya ziko kwenye maua, na pampu zimeanza kelele. Sisemei mlio wa injini. Nasemea ule mlio kama kokoto zinasagwa ndani, pampu nzima inatetemeka na maji yanapungua. Hapo wengi mnaongeza resi, au mnakwenda Moshi kununua pampu kubwa zaidi. Kwa maoni yangu, yote mawili ni kuchoma hela.

Shida mara nyingi iko upande wa kuvuta. Pampu inapunguza presha ndani ya bomba, halafu uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Usawa wa bahari, uzito huo hauwezi kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi. Huku kwetu mlimani ni pungufu ya hapo.

Sasa presha ikishuka mno, maji yanachemka yakiwa baridi. Wapagazi wanajua: Kibo, kwenye mita zaidi ya 4,700, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 85 tu. Ndani ya pampu viputo vya mvuke vinazaliwa, vikifika penye presha kubwa vinabonyea kwa kishindo. Ndicho unachosikia. Kila kishindo kinamega chuma. Ukifungua, utakuta impela imeliwa kama mbao yenye mchwa, sili inavuja na beringi zimekwisha. Ukiongeza resi, viputo vinazidi. Pampu kubwa kwenye bomba lile lile italia zaidi.

Najua kwa nini mnaiacha juu kwenye kingo: ni nzito, na mnaogopa wezi na mafuriko. Lakini saa ya kumwagilia si upo hapo hapo? Iteremshe, isikae zaidi ya mita 4 au 5 juu ya maji. Bomba la kuvutia liwe fupi, lenye kona chache, na lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Safisha chujio, kaza maungio yasivute hewa.

Kipimo ni rahisi: punguza resi kidogo. Kelele ikikata, jibu umepata. Chukua jembe, chonga ngazi ya kushushia pampu mtoni. Hela ya pampu mpya iweke kwenye mbolea.