Bakuli Moja, Vijiko Viwili

Mara ya mwisho tuliongelea wakwe, na nashukuru kwa ujumbe wenu, hasa yule dada ambaye mama mkwe wake aliliwahi jarida akalisoma kabla yake. Pole mwaya! Leo tunaingia jikoni, ila usifunue ukurasa mwingine kwa kudhani haya ni mapishi tu. Ni habari ya pesa, na pesa ndiyo iliyotufanya mimi na mume wangu tulale mzungu wa nne wiki nzima.

Ilikuwa hivi. Tulikubaliana kila mwezi tuweke sh. 200,000 kwenye bahasha kwa ajili ya kiwanja. Mwezi wa tatu nikaifungua nikitegemea kukuta 600,000, nikakuta 170,000. Nikamwangalia, naye akaniangalia. Kumbe kila mmoja alikuwa anachomoa "kidogo" akijua atarudisha mshahara ukitoka, na kila mmoja alikuwa hajui kama mwenzake naye anachomoa!

Tukakaa chini na karatasi. Si nguo, si saluni, si mpira. Ni chakula. Siku tatu katika wiki tulikuwa tunarudi tumechoka, tunaagiza cha kuletewa na bodaboda: 18,000 ya sahani mbili, 3,000 ya kuletewa. Ijumaa tunatoka, na tukitoka wawili hairudi 45,000. Piga hesabu mwenyewe. Inakuja 108,000 kwa wiki, 432,000 kwa wiki nne. Yaani tulikuwa tunakula kiwanja mara mbili kila mwezi, na bado tunalalamika maisha magumu.

Basi bwana, hapo ndipo maneno yakaanza. Yeye: "Mke wangu, ungekuwa unapika yasingetokea haya." Mimi: "Na wewe mikono yako imefanyaje? Si wote tunatoka kazini saa kumi na mbili?" Sitaki kuyarudia yote hapa, maana mengine hayafai kuchapishwa. Ila nitakiri jambo moja. Alichosema kiliniuma kwa sababu frijini kweli kulikuwa na wali wa juzi, nusu nyanya na maharage yaliyoanza kuchacha. Tulikuwa tunanunua chakula huku tukimwaga chakula.

Siku ya nne ya ugomvi mama alinipigia simu kutoka Unguja. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza mnakula nini huko Dar. Nikamwambia nachoka mama, sina nguvu ya kupika wali, mchuzi na mboga usiku. Akacheka. "Mwanangu, nani kakwambia upike vyote? Tia urojo. Unapika sufuria moja tu, vingine unapanga."

Kama hujawahi kufika Forodhani jioni, nikueleze. Muuzaji wa urojo ana sufuria la rojo la njano lenye uchachu wa embe bichi, na mbele yake kapanga vitu vyake: viazi vya kuchemsha, kachori, bajia, mishkaki, yai, chatne ya nazi, pilipili, chipsi za muhogo. Anachukua bakuli, anatia kimoja kimoja, anakuuliza pilipili kiasi gani, anamwagia rojo, anakupa na kijiko. Wageni wanauita Zanzibar mix, na jina limeshika mpaka huku bara. Ukiutazama vizuri utaona hakuna kitu kingi ndani yake. Kipande cha nyama, nusu yai, bajia mbili. Rojo ndilo linaloviunganisha vikawa mlo.

Na si Wazanzibari peke yao. Wamisri wana koshari yao, wali na adesi na makaroni, juu yake rojo la nyanya na vitunguu vya kukaanga. Wakorea wana bibimbap, wali uliofunikwa mbogamboga na yai. Siku hizi na migahawa ya mjini inatuuzia chakula cha bakuli kwa bei ya kutisha, parachichi limekatwa kimaridadi juu. Asili yake ni hiyo hiyo: vidogo vidogo vilivyokutana.

Ijumaa ile hatukutoka. Niliingia jikoni nimenuna, nikatoka na bakuli mbili. Hivi ndivyo nilivyofanya, na vipimo ni vya watu wawili wenye njaa.

Menya embe bichi moja la wastani, likatekate, lichemshe kwenye vikombe 5 vya maji pamoja na chumvi na nusu kijiko cha chai cha manjano mpaka lilainike. Pembeni koroga vijiko 4 vya chakula vya unga wa ngano kwenye maji baridi, narudia, baridi, la sivyo utapata madonge, mpaka uwe kama maziwa mazito. Mimina taratibu kwenye sufuria huku mkono mwingine unakoroga bila kuacha. Punguza moto, acha lichemke kama dakika 10 hadi harufu ya unga mbichi iishe. Liwe zito kama uji mwepesi wa mgonjwa, si gundi ya kubandika mabango. Zima moto ndipo ukamulie ndimu, moja au mbili, ukionja. Uchachu ndio unaotakiwa uongoze. Msimu wa maembe ukipita, tumia maji ya ukwaju. Rangi itafifia kidogo, lakini ladha haikutupi.

Chatne ni robo ya nazi iliyokunwa, pilipili mbichi, punje moja ya kitunguu saumu, chumvi na ndimu, vyote kwenye blenda. Chemsha viazi 3 na yai 1.

Sasa hapa nitasema jambo ambalo mama hatalipenda. Bajia na kachori usipike. Kujaza karai la mafuta kwa ajili ya bajia sita za watu wawili ni hasara, na mafuta yakibaki utayatumia kukaangia kitu ambacho hukukipanga. Nunua kwa yule mama wa pale kona, moto moto, pamoja na mishkaki miwili na kipakiti cha chipsi za muhogo. Chipsi zitie mwisho kabisa, ukishakaa mezani, maana zikilowa zimekwisha.

Mume wangu ni mtu wa Kigoma. Aliliangalia bakuli, akaliangalia tena. "Huu si uji?" Nikamwambia uji wa baba yako una mishkaki? Akaonja. Akanyamaza. Akaomba aongezewe rojo, lakini bila pilipili, na mimi la kwangu lilikuwa jekundu kwa pilipili. Sufuria moja, kila mtu kala anavyotaka. Usiku huo mito yetu ilirudi upande mmoja wa kitanda, na yaliyobaki hayakuhusu.

Ila urojo ni wa Ijumaa. Pesa ilikuwa inavujia Jumatatu hadi Alhamisi, na huko ndiko ilipobidi tukae tena na karatasi, safari hii bila maneno makali. Tukakubaliana kwamba Jumapili mchana tunaingia jikoni wote wawili. Yeye kazi yake maharage au choroko. Maharage anayaloweka tangu Jumamosi usiku na kuyamwaga maji yale, na wiki ambayo mtungi wa gesi umekaribia kuisha tunapika choroko, maana zinaiva haraka zaidi. Mimi wali na kuchambua mboga. Saa moja na nusu hivi, redio inaimba, tumemaliza. Jioni za katikati ya wiki hakuna anayepika, tunapasha na kupanga.

Bakuli letu la Jumanne ndilo nalipenda kuliko yote. Chini wali. Juu yake maharage yaliyoungwa kwa mawese, upande mmoja matembele, upande mwingine kachumbari ya siku hiyo hiyo, na juu kabisa dagaa wa Kigoma waliokaangwa wakakauka, na ndimu. Mawese na dagaa anatutumia mama mkwe, na tangu ajue mwanawe anapika maharage ananitumia salamu za ajabu ajabu, sijui kama ni sifa au ni masimango. Kama huna dagaa, karanga za kukaanga zinafaa. Cha muhimu kiwepo kitu cha kutafuna kwa kelele, maana bakuli la vilaini vitupu linachosha kabla hujafika nusu. Na ugali wa kiporo usiutupe. Ukate vipande vidogo, ukaange kwa mafuta machache mpaka uwe na ganda, umwagie choroko za nazi.

Tahadhari moja ya kiporo, na hii naomba uichukulie kwa uzito. Wali usilale mezani. Yasipite masaa mawili tangu uive kabla hujauingiza frijini, uutandaze kwenye chombo kipana upoe haraka, na mle ndani ya siku moja au mbili. Wali uliokaa kwenye joto huota vijidudu vinavyotoa sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha mpaka utoe moshi. Ndiyo maana Jumapili tunapika wali wa Jumatatu na Jumanne tu. Jumatano yeyote anayewahi kufika nyumbani anabandika mwingine, dakika 20, wala haijawahi kuleta ugomvi. Umeme ukikatika siku nzima, hesabu ni hasara, mwaga.

Wapo watakaosema mwanaume wa kweli hali bakuli, anataka sahani ya ugali iliyojaa. Mimi nasema muulize kwanza bahasha yake ina shilingi ngapi. Yetu mwezi ulioisha iliongezeka 200,000 kamili, na tulibakiwa na ya kwenda kula nje Ijumaa moja. Tulikwenda, tukavaa, tukapendeza. Ilikuwa tamu kuliko zile Ijumaa zote za mazoea.

Nikiwa naandika haya mume wangu yuko jikoni, leo ni zamu yake ya rojo. Ameniuliza mara mbili ndimu inatiwa lini. Mwisho, baba, ukishazima moto! Naona hajasikia. Acha nikamwangalie. Tukutane mwezi ujao.