Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Selimundu, Kisumu, Juni 19

Mheshimiwa mgeni rasmi,

Sisi ni wazazi kutoka Nyalenda, Dunga, Seme na Nyakach. Leo ni Siku ya Selimundu Duniani, na wengi watazungumzia damu. Sisi tumekuja na habari ya mifupa.

Wengu wa mtoto mwenye selimundu huharibika akiwa bado mdogo, na wengu ndio unaochuja vijidudu kwenye damu. Salmonela, kijidudu ambacho humharisha mtoto asiye na selimundu siku chache tu, kwake hupenya utumbo, ikasafiri na damu hadi kwenye mfupa uliokwisha kuumia kwa kukosa damu, ikatunga usaha humo. Maumivu yake yanafanana mno na yale ya selimundu aliyoyazoea. Mama hufika zahanati amembeba mtoto mwenye homa, mguu umevimba, hataki kuukanyagia, akaambiwa ndio ugonjwa wake huo. Hupewa dawa ya maumivu, wakarudi nyumbani. Hata eksirei ya siku za kwanza haionyeshi kitu. Mfupa huweza kuchukua wiki 2 kabla haujaonyesha dalili. Wakipata rufaa ya Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wengi bado wanayoiita Russia, mfupa umekwisha kuoza na mtoto anahitaji upasuaji. Tuna watoto wanaochechemea ambao sindano za antibiotiki za mapema zingewaokoa. Hili linatuuma kuliko gharama.

Wenzetu wanaoishi na VVU wametuomba tuwasemee pia. Mvuvi mwenye VVU akilalamika mgongo huambiwa ni kuvuta nyavu, kumbe kifua kikuu kinakula pingili za uti wa mgongo, na wala hakohoi.

Tunadai, kwanza kabisa, mtoto wa selimundu mwenye homa na mfupa unaouma asirudishwe nyumbani. Achukuliwe damu ya kuoteshwa maabara kabla ya antibiotiki, kwa maana salmonela za kanda hii zimekuwa sugu kwa dawa nyingi za zamani. Maabara za kazi hiyo zifike hospitali za kaunti ndogo. Penisilini ya kinga, asubuhi na jioni, hadi mtoto atimize miaka 5, isikosekane. Mwenye VVU anayeumwa mgongo wiki kadhaa apimwe kifua kikuu. Na Mamlaka ya Afya ya Jamii igharamie matibabu ya mfupa hadi mwisho, wiki 4 hadi 6 au zaidi, si siku za kulazwa peke yake.

Tunaomba jibu kwa maandishi, lenye tarehe ya kuanza.