Mahali Nako Hushuhudia

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda. Mwaka 2002 Zarina Bhimji, mzaliwa wa Mbarara, alionesha filamu yake Out of Blue mjini Kassel, Ujerumani: nyumba zilizohamwa, jela, uwanja wa ndege wa Entebbe. Watu hawaonekani, mahali ndipo panaposimulia.

Sisi wa Mtendeli, mkoani Kigoma, twaielewa lugha hiyo. Kambi yetu ilifungwa mwaka 2021, wakimbizi wa Burundi wakahamishiwa Nduta. Humo walioa, wakazaa, wakazika. Nasi twaamini kuwa ardhi itatoa ushahidi.

Wazazi, wapelekeni vijana wakawarekodi wazee kwa simu, papo hapo palipotokea mambo, kabla nyasi hazijafunika njia.